Maji Yanajaa Saa Kumi

Jumatano iliyopita nilikuwa jikoni nakuna nazi, simu ikalia juu ya friji. Ujumbe wa maneno mawili tu: "Maji tayari." Aliyeutuma ni mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na saba, na kila mwenye nambari yake anajua anachosema. Bahari imejaa Forodhani, vijana wako ukutani, na usipofika kabla ya magharibi umekosa makachu.

Kwa msiokuwa wa Unguja: makachu ni kule kuruka baharini kutoka ukuta wa Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe. Kijana anarudi nyuma, anakuja mbio pekupeku, anaukanyaga ukingo, akishakuwa hewani kila mtu ana lake. Mmoja anajikunja kama kifurushi na kupinduka, mwengine anatandaza mikono kama kipanga, mwengine anakaa hewani kana kwamba yuko kwenye kiti anasubiri kahawa. Kisha maji. Mchezo wenyewe si mpya. Kaka zangu walikuwa wakiruka hapo, wakirudi nyumbani na chumvi kwenye nyusi, na mama akiiona ile chumvi tu alikuwa haulizi, alikuwa anatafuta mwiko. Kilichobadilika ni watazamaji. Siku hizi siku nzuri ya makachu ukuta mzima unajaa: watalii, wanafunzi, familia zilizotoka Fuoni na Bububu, wauza embe za pilipili, na simu zimeinuliwa juu kama vile mwezi umeandama.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa mipango miji huko Dar, aliniuliza mwezi uliopita: wakitaka viwanja na bustani za mjini zichangamke, waweke waifai ya bure? Au watengeneze programu ya simu? Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa sauti, ukafika dakika nne, nikaufuta. Basi nimjibu hapa.

Nianze na bahari, kwa sababu ndiyo yenye ratiba. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na kutoka kupwa hadi kujaa bahari hupanda kama mita nne. Hizo ndizo siku za makachu: maji yako juu, jua limeshalegea, watu wametoka kazini. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa ile ile ya alasiri bahari imerudi chini. Anayeruka hapo anaitafutia shingo yake shari.

Wavuvi wanayajua haya bila ya kuambiwa. Ami yangu, aliyefanya kazi majahazini ujanani, anatazama mwezi mara moja anakwambia kesho maji yanajaa saa ngapi. Lakini sisi wengine wa mjini tumeshaacha kuhesabu mwezi, isipokuwa Shaabani inapokaribia kwisha. Kwa hiyo zamani ukipita Forodhani ukawakuta wanaruka, ilikuwa bahati yako. Sasa wa kwanza akigusa maji, klipu ya sekunde kumi na tano imeshakuwa hewani kabla yeye hajapanda ngazi kurudi juu. Nusu saa haipiti, pameshajaa.

Kazi hiyo si ngeni mwambao. Zamani mbiu ilikuwa ikipigwa mitaani, na mbiu ya mgambo ikilia, kwanza watu walitoka nje, halafu ndiyo wakauliza kuna nini. Simu ya mpwa wangu ni mbiu. Mbiu haikupi jambo lenyewe, inakwambia lipo na liko wapi, na miguu inafanya yaliyobaki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu. Yeye anaanza na simu. Mimi ningeanza na ukuta.

Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya Julai 2009, baada ya matengenezo ya taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Ilirudi na taa, njia za kutembelea, mahali pa kukaa, na ukuta wa bahari uliotiwa nguvu. Mwezi huo huo, Julai 2009, waya wa Seacom wa intaneti ya chini ya bahari ukaanza kazi Afrika Mashariki. Hakuna aliyekaa akapanga mambo hayo mawili yaende pamoja, na sisi tuliokuwa tukila mishikaki wiki ile ya mwanzo hatukujua kwamba kuna uhusiano wowote. Leo ukiondoa kimojawapo, makachu ninayoyaona mimi hayapo. Lakini nikilazimishwa kuchagua, ningeubakisha ukuta. Waya peke yake ungetuacha majumbani tukitazama watu wa miji mingine wakiruka.

Watu wanapenda kusema simu imeua baraza. Ninapolisikia neno hili huwa nakumbuka Jaws Corner. Kwa asiyepajua, ni kinjia panda cha Mji Mkongwe chenye mabaraza ya mawe, kahawa, dhumna, na siasa kuliko sukari. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Kwenye nguzo pale pametundikwa simu kuukuu ya mezani, na maandishi ya Kiingereza kwamba kupiga nchi za nje ni bure. Haijaunganishwa na kitu. Ni mzaha tu, na kila mgeni anapiga picha na ile simu, anacheka na mtu asiyemjua, anaulizwa katoka wapi, anauziwa kahawa. Nimeona simu nyingi za bei kubwa, lakini sijaona iliyokutanisha watu wengi kama ile isiyofanya kazi.

Tena sisi tulikuwa na ukurasa wa mtandao kabla ya mtandao. Maskani ya Kisonge, kijiwe cha siasa pale Michenzani, ilijulikana kwa ubao wake: chaki na kijembe cha siku, mara nyingi cha siasa, mara nyingine kikali mpaka hakisomeki kwa sauti. Mtu akipita na baskeli anapunguza mwendo, anasoma, anasonya au anacheka, anaendelea. Hakuna aliyelazimika kusimama, lakini wengi walisimama, na ubishi ulianza pale pale barabarani, uso kwa uso, na huwezi kumtukana mtu sana aliye mbele yako na mwana wake amesoma na mwanao. Hilo ndilo WhatsApp ilishindwa kulirithi. Kijembe imekichukua, uso ikauacha.

Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi. Miezi mitatu. Wengi wetu wakati huo tulikuwa tumeshanunua simu, na simu hailali na njaa. Mwenye duka la mtaani kwetu alikuwa na jenereta, akaweka soketi nyingi juu ya ubao mmoja, akatoza kwa kila simu. Kuchaji kulichukua saa moja, mbili, na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenziwe kwa simu yake, watu walikaa barazani kusubiri. Walikaa wazee, walikaa vijana, na walikaa majirani wawili ambao tangu uchaguzi wa 2005 walikuwa hawapeani mkono. Sisemi walipatana. Lakini nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Yako imeshajaa, chomoa mie niweke." Kwa mtaa wetu wakati ule, hayo yalikuwa maneno mengi.

Sasa kisa cha waifai, rafiki yangu, kwa sababu ndicho ulichoniuliza.

Nyuma ya kwetu kuna hoteli ndogo, nyumba ya zamani ya watu waliohamia Maskati. Sitaitaja. Nje ina baraza ndefu ya mawe, mtu kumi wanakaa bila ya kubanana. Miaka sita iliyopita hivi, mfanyakazi mmoja alilivujisha neno la siri la waifai yao (binamu yangu anakataa kwamba ni yeye). Wiki ya kwanza walikuja vijana wanne baada ya isha, vichwa chini, hawasemi, mwanga wa buluu usoni kama majini ya shubaka. Nikasema ndiyo hivyo, kizazi kimekwisha. Wiki ya pili walikuwa kumi, na kumi hawawezi kunyamaza. Mmoja anaona bao la mpira kwenye simu, anapiga kelele, wenzake wote wanainama kwake. Wiki ya tatu akaja muuza kahawa na dele lake, akigonga vikombe. Akafuata mama mmoja na beseni la bajia. Njia ile, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiipita mbio usiku huku nasoma Ayatul Kursi, ikawa njia ya watu. Watoto wa chuo cha Kurani wakawa wanapita hapo kwa sababu pana macho ya watu.

Uongozi wa hoteli ukagundua. Wakabadilisha neno la siri, haki yao. Mimi nilidhani baraza itakufa siku ile ile, lakini nusu ya watu walibaki. Walikuwa wameshazoeana, kahawa ipo, dhumna imeshaletwa. Ndipo hoteli ikapanga vyungu vya maua juu ya baraza, mwanzo mpaka mwisho, maua ya miiba. Wiki haikwisha, hakukuwa na mtu. Muuza kahawa alihamia kwengine, na mie nikarudia Ayatul Kursi yangu.

Waifai iliondoka, watu wakabaki. Pa kukaa palipoondoka, hakubaki hata mmoja. Nikiwa na pesa za mji mkononi, ningejua nianze kuzitumia wapi.

Kuna mtafiti aliyeko Marekani, Keith Hampton, aliyechukua filamu za zamani, za miaka ya 1979 na 1980, za watu wakiwa viwanjani na njiani New York, Boston na Philadelphia, akarudi na wenzake baada ya miaka thelathini wakarikodi tena mahali pale pale, halafu wakalinganisha mtu mmoja mmoja, saa kwa saa. Wengi walitarajia aje na habari za watu walioinamia simu, kila mmoja peke yake. Alikuta waliokuwa wakitumia simu ni wachache kuliko ilivyodhaniwa, na wengi wao walikuwa wale waliokaa wenyewe. Waliokuja na wenzao simu zilikaa mfukoni. Na watu waliokuwa peke yao walipungua kuliko zamani. Lakini jambo lililonikaa kichwani si hilo. Ni kwamba kilichobadilika sana ni wanawake: walikuwa wengi zaidi mahali pa watu kuliko miaka ya nyuma.

Nilipolisoma hilo niliinua kichwa nikatazama dirishani. Nimekulia Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe. Nimeusifu Jaws Corner hapo juu, lakini sijakaa pale hata siku moja katika maisha yangu. Nilikuwa napita tu, macho chini, shikamoo kwa wote, hatua za haraka. Baraza ya nje ilikuwa ya wanaume na hakuna aliyehitaji kuliandika hilo popote. Yetu ilikuwa ndani, ukumbini, mkekani, na ilikuwa tamu, lakini ilikuwa ndani.

Forodhani ya leo imenipa nje. Na hapa simu naipa haki yake yote. Tuna kundi letu la WhatsApp, wanawake tisa, tulisoma skuli moja. Mmoja wetu akitaka kutoka jioni, zamani ilibidi atafute wa kufuatana naye, atume mtoto, asubiri jibu, mpaka jua linazama. Sasa anaandika "Nani yuko tayari, urojo juu yangu," na dakika kumi tuko wanne. Wanne ni kundi. Wanne wanakaa benchi zima, wanacheka kwa sauti, na hakuna kijana anayewasogelea. Mwanamke mmoja peke yake bustanini anaulizwa anamsubiri nani. Simu haikubadilisha bustani, ilibadilisha hesabu yetu ya namna ya kuifikia. Makundi ya wanawake wa mazoezi ya alfajiri nayo ni hivyo hivyo. Ukiwaona wanakata mitaa kwa mwendo wa haraka, wamevaa mabaibui na raba, ujue saa kumi na moja kuna mtu alikuwa anaamsha watu kwenye kundi.

Lakini nisiipambe kama biharusi.

Miaka miwili iliyopita shoga yangu mmoja alikuwa anakula urojo kwenye benchi, mkono mmoja bakuli, mwengine kijiko, mchuzi ushamdondokea. Kuna mtu alimrikodi. Klipu ilitembea. Haikuwa na ubaya wowote, watu walicheka kicheko cha kawaida, lakini yeye hakujua kwamba anachekwa mpaka shemeji yake aliyeko Dubai alipompigia. Aliyeirusha aliombwa aitoe, akaitoa, lakini kilichotoka kimetoka. Hakurudi Forodhani kwa miezi minane. Mtu mmoja aliyeacha kuja hahesabiwi popote; watazamaji laki moja huwaona kwa nambari chini ya video.

Na vijana wenyewe. Mpwa wangu ana ustadi, sikatai, na mara moja moja mgeni humpa chochote. Lakini nimeanza kumwona akisimama ukutani, maji yamejaa, jua zuri, haruki. Anasubiri nini? Anasubiri simu ziinuke. Siku nyingine anaruka mtindo ambao hajauweza, kwa sababu ule anaouweza umeshaonekana. Mwaka jana aliangukia vibaya akapiga mgongo kwenye maji, akatapika njiani kurudi nyumbani, na usiku ule bado alikuwa anahesabu walioipenda. Mama yake alimnyang'anya simu wiki moja. Alikwenda Forodhani vile vile, akaruka vile vile. Nilimuuliza kulikuwaje. Akasema kulikuwa kuzuri, ila alifika mapema mno mara mbili, maji hayajajaa, kwa sababu hakuwa na wa kumwambia.

Nilimtuma kwa Ami.

Ami hukaa baraza ya nyumba yake kuanzia alasiri, ana kitochi kisichoingia intaneti na hataki chengine. Kutoka barazani kwake mpaka Forodhani ni dakika saba kwa mwendo wangu. Kwa wake sijui, kwa sababu kwa miaka mingi hakuwa anakwenda. Anasema pale sasa ni pa wageni, pweza bei ya ng'ombe. Mtoto akawa anapita kwake kila baada ya adhuhuri: "Babu, leo?" Ami anatazama juu, anahesabu vidole, anasema saa kumi na robo, saa kumi na moja kasorobo. Simu iliporudishwa, mtoto hakuacha kupita. Sasa ujumbe wa "Maji tayari" wenyewe, nimekuja kugundua, chanzo chake ni mzee wa miaka themanini asiyejua kwamba ana wafuasi.

Jumatano ile niliifunika nazi, nikavaa baibui, nikatoka. Nilipopita kwa Ami nikamwonyesha klipu iliyokuwa imerushwa dakika tano nyuma: mpwa wangu, mbio, ukingo, kupinduka, maji. Aliishika simu mbali na macho kama wanavyoshika wazee. Akaitazama mara moja.

"Miguu hakuikunja," akasema.

Nikamwambia hapo imekatika kidogo, uzuri wenyewe haukuonekana.

"Sasa haukuonekana, utanionyesha nini?"

Akanirudishia simu. Akakaa kidogo. Kisha akaomba bakora yake, iliyokuwa imeegemezwa ndani ya mlango, akaniuliza bado watakuwepo mpaka saa ngapi. Nikasema yeye ndiye ajuaye. Akatazama juu, ingawa mwezi ulikuwa haujatoka, akasema tuna saa nzima, tusikimbie.

Tulikwenda kwa mwendo wake. Ni dakika ishirini na mbili.